Walinipa Daftari Lenye Deni Langu

Namshukuru Mungu, kisha nawashukuru akina mama wa kikundi chetu cha akiba hapa Masese, Jinja. Nasimulia haya kwa ajili ya yule anayekaa kibarazani akisema, "Mambo ya mradi yana wenyewe." Mimi nilikuwa huyo.

Nilikulia karibu na mwalo, samaki wanaposhushwa na dagaa, tunaowaita mukene, kuanikwa. Shule niliiacha njiani kwa kukosa karo, na pesa za vibarua ziliishia kwenye pombe ya waragi.

Majirani zangu walikuwa na historia nisiyoijali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akina mama wa Masese walianza kujijengea nyumba kwa msaada wa Denmark. Mwaka 2002 likaanzishwa shirikisho la kitaifa la wakazi wa makazi duni nchini Uganda, nalo likatia mizizi Jinja. Wanachama wake huweka akiba kidogo kidogo, na hujihesabu wenyewe: nyumba hupigwa namba, kila kaya huulizwa maswali, kisha majibu hurudishwa kwa wakazi wayasahihishe. Utaratibu huo una waliotangulia: mwaka 1985, huko Mumbai, India, familia zilizoishi kando ya barabara zilihesabiwa ili serikali isiseme haizioni. Wanachama wa hapa Masese waliponijia na fomu zao, niliwaambia wanatafuta pesa za wazungu.

Hata hivyo, niliposikia kikundi chao cha akiba kinakopesha, nilijiunga upesi. Nikakopa. Baada ya marejesho machache nikaanza kukwepa watu. Nikimwona mweka hazina njiani, nakata kona.

Msimu mmoja mvua ilivuja nyumbani kwa mweka hazina huyo, daftari la kikundi likalowa. Wino ulitapakaa, kurasa zikagandana. Yule yule niliyemkimbia akaja hadi mlangoni kwangu. "Mwanangu, mwandiko wako unasomeka. Tunakilie." Deni langu lilikuwa humo humo, naye alijua.

Nilifanya kazi hiyo usiku, nikitenganisha kurasa kwa ncha ya kisu. Nilipofika kwenye jina langu, nusu ya tarakimu zilikuwa zimefifia. Nani angejua? Sitaficha: niliuruka mstari ule nikalala. Asubuhi pia sikuuandika.

Mkutanoni niliambiwa nisome daftari jipya kwa sauti, jina kwa jina. Mbele yangu aliketi bibi mmoja Mkaramojong asiyejua kusoma. Nilipotaja akiba ya jirani yake, alitikisa kichwa. "Bado. Alitoa nyingine siku ile ya msiba." Jirani akafungua kitabu chake kidogo, kweli, ilikuwapo. Ikawa hivyo tena, na tena. Bibi yule alikuwa ameshika hesabu za kikundi kichwani vizuri kuliko mimi niliyeshika kalamu.

Zamu ya jina langu ilipofika, sauti ilinikauka. Kisha nikataja deni langu lote. Hakuna aliyecheka. Bibi alisema tu, "Liandike, mwanangu, uendelee." Nikaliandika mbele yao.

Nilidhani wangeninyang'anya daftari. Waliniachia. Deni nilililipa polepole, na waragi haukunitoka kwa siku moja. Nilianguka, nikarudi, nao wakanipokea. Sikustahili hata kidogo.

Nilichojifunza kuhusu kumbukumbu za kikundi nilikipata kwao. Sasa siandiki jambo la kikundi bila kulisoma kwa wenyewe, kwa Kisoga na Kiswahili, na mtu akitafsiri kwa Kikaramojong. Kosa silifuti, nalipiga mstari ili lionekane, naandika lililo sahihi pembeni pamoja na tarehe. Nakala moja hukaa kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu, zisilowe pamoja. Mgeni akijiunga, tunampa kanuni zetu asome au asomewe, atuambie alipokwama. Hapo alipokwama ndipo tunapoandika upya, maana sisi wenyeji hatupaoni tena.

Kazi hii haina mshahara, na siku nyingine huchosha. Lakini tangu Jinja iwe jiji mwezi Julai 2020, habari za ardhi zinazungumzwa kila kona, na mtaa usio na maandishi yake husemewa na wengine.

Ndugu yangu, kama una mwandiko unaosomeka, nenda kwenye kikundi cha mtaani kwako ukanakili hata ukurasa mmoja. Kama hujui kuandika, nenda pia; kaa, sikiliza kinachosomwa, useme penye kosa. Na kama unadaiwa kama nilivyodaiwa mimi, usingoje kumaliza deni ndipo uende.