Siti ya dirishani na mtoto mchanga

Mama, ukisafiri na mtoto kutoka Dar kwenda Nairobi, omba siti ya dirishani upande wa kushoto. Huko ndiko utakakouona mlima Kilimanjaro, mita 5,895, na asubuhi mara nyingi mawingu yanakuwa bado hayajaufunika. Kurudi Dar, kaa kulia. Ila kataa siti zilizo juu ya bawa, utaishia kuangalia bati tu.

Najua mtaniambia, "Nesi, mwenye mtoto si bora akae karibu na njia, ainuke kirahisi?" Mimi nasema hapana. Njiani ndiko kitoroli cha chai kinakopita, na mkono wa mtoto wa miezi 9 haujui kusubiri. Wodini tunawapokea watoto walioungua kwa kikombe kimoja tu cha chai, tena nyumbani, ambako sakafu haitikisiki. Dirishani yuko mbali na hayo, na wakati wa kunyonyesha unageukia ukutani. Chai yako mwenyewe iache, utakunywa ukifika.

Sasa masikio. Mlima ukishabaki nyuma, haichukui muda ndege inaanza kushuka. Hapo hapo mpe ziwa, au chupa kama hanyonyi, maana kumeza ndiko kunakozibua masikio. Usingoje mpaka muone mabati ya nyumba, atakuwa keshaanza kulia na ziwa halitaki tena. Amelala? Mwamshe. Ndiyo, hata kama ndo kwanza kapitiwa na usingizi.

Na kama ana mafua makali au anashikashika sikio, mpeleke kwa daktari kabla ya siku ya safari.