Machakos: Rimu inayong'aa isikupumbaze

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Mombasa, ukaupita mji wa Athi River na kufika Kyumvi, kata kushoto. Baada ya kitambo kidogo vilima vya Iveti vitakulaki, na chini yake utauona mji wa Machakos, yapata kilomita 63 kutoka jijini. Ndio mji uliopewa jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba wa kale. Waingereza waliufanya makao yao ya utawala kabla ya kuhamia Nairobi mwaka wa 1899, reli ilipoupita kando.

Wageni wengi huja Ukambani kutafuta vinyago na vyondo. Wewe, mpenzi msomaji, hebu fuata mlio wa nyundo. Wakamba walifua chuma tangu enzi za mivukuto ya ngozi, na leo kazi ya chuma iko mikononi mwa mafundi wa jua kali. Miongoni mwa milango na majiko utaziona rimu za magari zikingoja rangi.

Wenye magari siku hizi wanaulizia rangi ya poda. Hii haichanganywi na thina. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bomba lenye chaji ya umeme, na kipande cha chuma kikiwa kimeunganishwa na ardhi kwa waya, unga hukivamia na kukishika. Kisha huokwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200, aghalabu kwa dakika 10 hadi 20 baada ya chuma chenyewe kushika moto huo. Unga huyeyuka na kuwa ganda gumu lisilochubuliwa ovyo na changarawe.

Je, kazi hiyo uifanye nyumbani au umpelekee fundi aliyebobea?

Ukipiga hesabu, nyumbani panavutia. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa hula uniti moja tu ya stima. Lakini oveni ya jikoni haimezi rimu. Itatosha brakiti au kifuniko kidogo cha injini, basi. Tena oveni iliyookewa rangi isirudi kuokewa keki ya watoto, kwani mvuke wa rangi na mabaki yake si vitu vya kuchanganywa na chakula. Fauka ya hayo, unga ukitanda hewani ukakutana na cheche au jiko la makaa unaweza kulipuka, sawa na vumbi la kinu cha posho. Chumba cha kupanga, ambamo watu hulala na kupikia, si karakana.

Kuna hatari nyingine ambayo Machakos inaijua kwa karibu: mchanga. Mito ya huku imejenga maghorofa mengi ya Nairobi, na malori hayaishi kuuzoa. Kwa kuwa kutu na rangi kuukuu lazima ziondolewe kwanza, kuna anayeshawishika kuupuliza mchanga huo wa mtoni kwa kompresa. Usikubali. Mchanga ukipasuka hutoa vumbi la silika, ambalo hukwama mapafuni na kuleta silikosisi, maradhi yasiyo na tiba. Uingereza ilipiga marufuku kuusafishia vyuma kwa njia hiyo zaidi ya nusu karne iliyopita. Karakana nzuri hutumia chembe za aina nyingine, ndani ya chumba kilichofungwa, na fundi akiwa na kinga ya kupumulia.

Ukiwa bado Machakos, usikose kufika Kyamwilu. Hapo gari likizimwa na kutolewa gia huonekana likipanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa hufuata njia hiyo hiyo. Wataalamu husema ni macho yanayodanganywa na umbo la vilima, kwani gari kwa kweli linateremka. Rangi nayo hudanganya. Rimu yenye ufa ikipakwa ganda jeusi linalong'aa, ufa hauonekani, lakini upo, na gari likipiga shimo likiwa mbioni, familia yako ndiyo iliyo ndani.

Rimu za aloi hasa zinataka uangalifu. Nguvu zake hutokana na jinsi zilivyopikwa kiwandani, na joto likizidi au kurudiwa mno huzilegeza. Pia rangi isiwekwe mahali nati zinapokalia, wala upande unaogusana na habu. Ganda hilo likiwa nene hulika au kubonyea, nati zikalegea, na gurudumu likachomoka.

Kwa hivyo, msomaji, kipande kidogo kisichobeba uhai wa mtu waweza kukijaribu nje, kwa oveni isiyo ya chakula, ukivaa kinga. Lakini rimu na vyuma vinavyoshikilia magurudumu mpelekee fundi mwenye oveni kubwa yenye kipimo cha joto. Kabla hujamwachia, muulize mambo matatu: je, atakagua nyufa kabla ya kupaka? Ataziba vipi matundu ya nati? Ataoka kwa nyuzi ngapi na kwa muda gani? Asiyekuwa na majibu, mshukuru na uende zako. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.