Kusikiliza Nako Kwasomewa?

Kimya kingi kina mshindo. Niko Bwejuu kwa mazoezi ya kufundisha, mtandao unakupwa na kujaa kama bahari ya hapa, lakini usiku una nafasi ya kusoma.

Wengi mmeniuliza kwa nini nikimaliza digrii nataka kusomea ulezi wa kiroho. "We si mwalimu? Au ndo unaenda upadri?" Hapana jamani. Mlezi wa kiroho anaweza kuwa mlei, mwanamke au mwanaume. Anakaa na mtu, mara nyingi mara moja kwa mwezi, anamsikiliza akisimulia maisha yake ya sala, na kumsaidia atambue Mungu anamgusa wapi. Si kuungamisha, wala si ushauri nasaha. Nairobi, Wajesuiti wana kituo chao kiitwacho Mwangaza kinachofundisha kazi hii. Kabla ya kuomba nafasi nimejiwekea sharti: nisome kwanza, nijue naingia wapi.

Nimeanza na Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona, Hispania. Akiwa kitandani akaomba hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwepo, akapewa maisha ya Yesu na ya watakatifu. Basi siku nyingine akawa anaota sifa za vita, siku nyingine anaota kuishi kama watakatifu. Zote zilimpa raha, ila za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu, za pili zilimwacha na furaha inayokaa. Kugundua tofauti hiyo tu ndiko kulikozaa Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548.

Humo kuna mambo mawili yaliyonishika shati. Moja: moyo ukiwa mkavu, usibadili uamuzi ulioufanya ulipokuwa na faraja. Pili: anayemwongoza mwingine awe kama mizani iliyotulia katikati, asimvute huku wala kule, amwache Muumba ashughulike na kiumbe chake.

Nikaenda kwa Fransisko wa Sales, kitabu cha 1609. Yeye anasema kiongozi anayefaa ni mmoja katika elfu kumi. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Halafu Wajesuiti wawili wa Marekani, William Barry na William Connolly, kitabu chao cha 1982. Hao wanasisitiza kwamba kinachosikilizwa ni yale mtu anayoyapitia na Mungu wake. Werevu wa msikilizaji si hoja.

Hapo ndipo mwalimu anapobanwa. Sisi tunaandika andalio la somo: malengo, hatua, dakika, tathmini. Unaingia darasani jibu unalo. Sasa roho ya mtu utaiandikia andalio gani?

Juzi mwenzangu mmoja (amenipa ruhusa niandike, jina hapana) aliniambia pale ufukweni kwamba sala imekauka, ada inamsumbua, anataka kuacha chuo arudi kwao bara. "We ungekuwa mimi ungefanyaje?" Wadau, mdomoni nilikuwa na somo zima la dakika themanini! Kanuni ya Inyasi ilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Sikumpa. Sikujua bado kama ule ni ukavu wa moyo au ni ada tu. Nikamuuliza: "Ulipoamua kusomea ualimu, moyo ulikuwaje?" Akanyamaza muda mrefu, kisha akaongea mpaka maji yakatufikia miguuni. La ada tulilikalia kesho yake, kwa kalamu na karatasi. La moyo bado ni lake. Hajaamua, na mimi kila asubuhi nikimuona anavaa kwenda shule natamani kumuuliza. Siulizi.

Bibi ninayekaa kwake ni mkulima wa mwani. Yeye Muislamu, mimi Mkristo, na hatujawahi kuvutana. Aliona taa yangu inawaka usiku.

"Mwalimu, wasoma nini saa hizi?"

"Nasoma namna ya kusikiliza watu, bibi."

"Kusikiliza nako kwasomewa?" Akacheka sana. Kisha akasema, "Siye mwani twaufuata maji yakitoka. Hayajatoka, hukai ukayapigia kelele."

Barry na Connolly wameandika kitabu kizima, bibi kamaliza kwa sentensi mbili. Ila vitabu naviendeleza, maana bibi amelima miaka mingi na mimi ndo kwanza nafunga mbegu kwenye kamba. Kama siwezi kukaa na swali la mwenzangu mmoja bila kulijibu kwa niaba yake, nauli ya Nairobi nitaitafutia nini?

Jumapili naenda mjini, Minara Miwili, kusali. Anayekuja tupande daladala moja aniambie. Na wewe, nani alikusikiliza mara ya mwisho mpaka ukamaliza?

Panapo majaliwa, wiki ijayo.