Zabibu za Dodoma Hufuata Mnunuzi

Tunapokumbuka jinsi mizabibu ilivyoingia Dodoma, husifiwa sana jua na udongo wa Ugogo. Sifa hizo ni za haki. Ardhi hii kame, ambayo mvua yake kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, humwezesha mkulima kupogoa na kuvuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Agosti. Mashamba ya Ulaya huvuna mara moja tu. Lakini jua lilikuwapo tangu zamani. Wamisionari wa Kiitaliano wa misheni ya Bihawana walipopanda mizabibu katika miaka ya 1950, walikwishajua watakachofanya na tunda: divai ya misa. Kiwanda cha mvinyo cha umma, DOWICO, kilipokuwa kikinunua, vijiji vilipanda. Kilipodhoofika, hadi shughuli zake kukoma miaka ya 1990, wengi waliyatelekeza mashamba, ilhali mvua na udongo vilikuwa vilevile. Kampuni ya mvinyo ya CETAWICO ilipoanza kusindika zabibu huko Hombolo katika miaka ya 2000, watu walianza kuirudia mizabibu. Kila mara ukubwa wa shamba umemfuata mnunuzi.

Wapo wanaosema kosa ni la mkulima mwenyewe: huvuna kabla sukari haijatosha, mvinyo ukatoka hafifu. Ni kweli huvuna mapema, na hilo huharibu jina la Dodoma nzima. Ila anayelipwa kwa kilo, bila kupimiwa sukari, naye anahofu matangi ya kiwanda yatajaa kabla zamu yake haijafika, ana sababu gani ya kungoja? Mahindi hukaa ghalani. Zabibu iliyoiva haikai. Wengine humshauri auze tunda la mezani, wakisahau kwamba aina iliyoenea, Makutupora nyekundu, ni ya kutengenezea mvinyo. Serikali nayo imeweka ushuru mdogo kwa mvinyo uliotokana kwa zaidi ya asilimia 75 na zabibu za nchini. Naunga mkono hatua hiyo, japo anayenufaika kwanza ni mwenye kiwanda. Mkulima atapata nguvu ya kujadili bei siku ushirika wake utakapomiliki mashine ya kukamulia na matangi ya mchuzi wa zabibu, kwa sababu mchuzi uliotunzwa vizuri unaweza kungoja bei. Fedha za kupanua mashamba zianzie hapo.