Jina na Kazi Yake

Hapa kwetu Kongo watoto wengi hupewa jina la babu. Lakini tukisoma habari za Ichikawa Danjūrō wa Japani, tunaona kwamba jina linaweza kumdai mtu kitu.

Danjūrō alizaliwa mwaka 1660 katika mji wa Edo, ambao leo njo Tokyo. Mwaka 1673, angali kijana mdogo, alianza kucheza kabuki, ile teatri yao yenye nyimbo na ngoma. Alicheza mashujaa wakali, wenye nguvu kupita watu; mtindo huo unaitwa aragoto. Tena alitunga michezo yeye mwenyewe.

Mwaka 1704 aliuawa na mchezaji mwenzake, Ikushima Hanroku, humo humo ndani ya nyumba ya teatri. Mwana wake, angali kijana, akachukua jina mwaka uleule. Aliliweza, sababu tangu 1697 alikuwa akicheza jukwaani na kujifunza.

Danjūrō wa 9 alikufa mwaka 1903. Kisha hapo hakuna mchezaji aliyepanda jukwaani na jina hilo mpaka 1962. Miaka 59 walingoja! Danjūrō wa 13 alilipokea mwaka 2022.

Basi sisi tujiulize: tukimwita mtoto jina la babu aliyekuwa mfua chuma ao mpiga likembe, nani anamufundisha ile kazi babu aliijua? Tusipomfundisha, tumempa kibuyu kitupu.