Zanzibar Yetu Iliyokwenda Karema

Tulipanga visiwa vitatu. Unguja siku nne, Pemba siku tatu, na Mafia kama hela ingebaki. Mabegi ya mgongoni tulinunua mtumba Karume, langu la bluu, lake lenye zipu mbovu. Kwa miezi 14 kila mmoja wetu aliweka 50,000 kila mwezi, na akaunti ya akiba ilikuwa kwenye simu ya mume wangu kwa sababu yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka. Sababu ndogo kama hizo ndizo huja kukugharimu.

Mwezi Juni 2024 nilichukua simu yake nilipie chumba Nungwi. Badala ya 1,400,000 nikakuta 200,000. Nilidhani mtandao umekosea. Nikafunga, nikafungua tena. Yeye alikuwa anakunja nguo kitandani. Hakuniuliza natafuta nini.

"Nilimtumia kaka," alisema.

Kaka yake ni mvuvi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Mwaka ule serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa lote upande wetu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nchi nne zinazolichangia ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha. Nilikuwa nimesikia habari hiyo redioni nikaipenda. Nilisema, vizuri, samaki wapumzike. Sikujua kwamba pumziko lao lilikuwa linalipiwa na Zanzibar yangu.

Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Basi twende tukaone Zanzibar yetu ilikokwenda." Ambacho sikumwambia ni kwamba nilikuwa nimeshazungumza na dada yangu wa Tabora. Tukirudi, nitashuka kwake, na mume wangu ataendelea na treni peke yake.

Kwa hiyo Julai tulipanda treni daraja la tatu na mabegi yetu ya kitalii. Siku mbili na zaidi, Dar hadi Mpanda. Kutoka Kaliua reli inachepuka kusini, takribani kilomita 210 za pori la miombo, njia iliyojengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Kila kituo walipanda watu na mizinga ya asali, kuku, magunia. Tulizungumza kwa adabu kama abiria waliokutana njiani. Nipitishie maji. Asante. Umelala? Kidogo.

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100, na tulifika tukiwa wekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Ziwa lilionekana ghafla, na mimi niliyekulia Dar nilisema, "Bahari." Dereva akacheka. Ng'ambo ni Kongo, lakini siku ile haikuonekana.

Ufukweni mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, safu kwa safu. Nyavu zimekunjwa. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu, na mbuzi wawili walikuwa wamelala juu ya kimoja. Vijana walikuwa wanacheza bao saa nne asubuhi, muda ambao kwa kawaida wangekuwa wamelala baada ya usiku wa kuvua kwa taa.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia shemeji yangu. Alikuja kutupokea amevaa shati lililopigwa pasi, akachukua begi langu, na kabla hatujakaa akatoa daftari la shule. Mstari kwa mstari: deni la injini, ada ya watoto wawili, unga, dawa za mama, bati nne za jiko lililoezuliwa na upepo. Jumla, 1,200,000. Chini kabisa alikuwa ameandika, "Kutoka kwa mdogo wangu na shemeji."

Na shemeji.

Mama mkwe akatoka ndani na kitenge kilichokunjwa, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Akanishika mikono yote miwili mbele ya majirani. "Mwanangu, wewe hujatujua hata mwaka wa tatu, lakini umetuonea huruma. Mungu akuzidishie ulipopunguza."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama ziwa.

Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, na ilikuwa ya kweli: Mama, sikujua. Ningeisema, mwanawe angeaibika mbele ya kijiji. Nikapiga goti, nikapokea kitenge, nikasema, "Asante mama, ni wajibu wetu." Tangu pale hatukuwa tena mwongo mmoja na mkweli mmoja.

Jioni shemeji alitutembeza misheni. Wabelgiji walijenga ngome hapa mwaka 1879, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold, na mwaka 1885 wakaiachia White Fathers. Alituambia habari za Adrian Atiman, aliyezaliwa nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akanunuliwa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa hapa hapa, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. "Alikuja mgeni," shemeji alisema, "akafa babu yetu." Nilifikiri juu ya mke wa Atiman, ambaye hakuna aliyemtaja kwa jina jioni ile. Nikajiuliza aliulizwa nini na yeye, na alijibu nini.

Tulikuwa bado na hela kidogo, na mimi nilitaka visiwa. Nilisema wazi kwamba sirudi bila kukanyaga kisiwa. Shemeji akatutafutia boti ya mbao ya mizigo inayoshuka kusini kwenda Kipili, mkoa wa Rukwa, ambako kuna visiwa vidogo karibu na pwani. Tuliondoka usiku. Kabla ya kuwasha injini, nahodha alipita na tochi kwa kila abiria. "Taja mzigo wako wote. Ambao hukuutaja ndio utakaotuzamisha." Mama mmoja akakiri gunia la chumvi alilolificha chini ya khanga. Watu wakacheka. Sisi hatukucheka.

Upepo wa kusini ulitupiga usoni hadi alfajiri. Nilitapika mara mbili. Mume wangu alinishika nguo kwa nyuma, kwenye kola, jinsi unavyomshika mtoto dirishani, na hakuniachia hadi Kirando.

Kutoka Kipili tulikodi mtumbwi wa kasia hadi Mvuna, na siku iliyofuata Ulwile. Hapakuwa na vitanda vya ufukweni wala madafu. Kulikuwa na mawe makubwa ya mviringo yaliyoingia majini, na maji maangavu kiasi kwamba tuliona samaki wadogo wa mistari wakilinda kila mmoja jiwe lake. Wengi wa jamii hiyo hawapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini huko chini hakuna oksijeni. Samaki wote wanaishi katika tabaka la juu, na chini yao maji ni matupu.

Tulikaa juu ya jiwe. Mpiga kasia alikuwa amelala kivulini. Hapakuwa na mlango wa kubamiza wala daladala ya kupanda.

"Kwa nini uliwaambia ni mimi pia?" niliuliza.

"Nilitaka wakupende."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Alichukua muda. "Niliogopa utakataa. Ukikataa, ningetuma hivyo hivyo. Halafu ningekuwa nimekuvunjia neno lako, badala ya kutokuuliza tu."

Ilikuwa hesabu ya ajabu, na alikuwa ameifanya kwa uaminifu. Nilimwambia, "Ungeniuliza, ningekataa siku ya kwanza. Siku ya pili ningelia. Siku ya tatu ningekubali, na kile kitenge kingekuwa changu. Hukuchukua hela yangu. Ulichukua siku zangu tatu."

Akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka mno. Kisha na mimi nikataja mzigo wangu: dada yangu wa Tabora na begi ambalo halikuwa la safari tu. Alitikisa kichwa polepole. "Nililiona zito," alisema.

Tulirudi kwa barabara, Namanyere hadi Mpanda, basi likikatiza Hifadhi ya Katavi. Pale Sitalike, mto Katuma ulikuwa umekauka ukabaki tope, na viboko walikuwa wamebanana humo mgongo kwa mgongo, wakikoromeana, wakichubuana. Abiria mmoja akasema mvua zikija watatawanyika. Hakuna aliyemjibu.

Treni ilipofika Tabora, nilimpigia dada nikamwambia sishuki. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini chumba kipo." Nilimshukuru. Bado namshukuru, kwa sababu kubaki huku ukiwa na pa kwenda ni tofauti na kubaki kwa kukosa.

Akaunti sasa iko kwenye simu yangu, na yeye ana neno la siri. Hatujasema tumesameheana. Tunaulizana. Juzi aliniuliza kama anunue viatu vya 18,000, nikamwambia asinichoshe.

Mwishoni mwa Agosti, uvuvi ulipofunguliwa, lilikuja gunia la dagaa kwa basi. Juu yake shemeji alikuwa ameandika kwa kalamu nene jina langu, peke yake. Niliwapima majirani wa kupelekewa, nikajaza ndoo yetu, kisha nikatoa kile kitenge kabatini, bado kina karatasi yake, nikakipeleka kwa fundi.