Antena ya Mdogo Wangu

Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa kijiweni pale Tunduma ukawasikiliza madereva wa malori na vijana wa bodaboda wakipiga soga, bila shaka umelisikia neno "antena". Hawasemi antena ya redio wala ya televisheni. Wanasema kile chuma anachowekewa mtu aliyevunjika mguu. "Yule jamaa ana antena," mmoja atasema, na wote wataelewa. Hata mimi nilikuwa nikilicheka neno hilo. Siku hizi silicheki, maana antena iliyomo kwenye paja la mdogo wangu niliiweka mimi. Daktari alimalizia tu.

Ilikuwa Juni 2021, msimu wa kuvuna mpunga. Kwetu Msangano mwezi kama huo kila mwenye miguu yuko shambani, au yuko njiani na gunia. Nilichukua pikipiki ya mjomba, nikampakia mdogo wangu nyuma, gunia la mpunga katikati yetu, safari ya Tunduma. Yeye alikuwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, sina kazi, nina pikipiki ya watu na kichwa kikubwa. Kwenye kona moja yenye mchanga tairi la nyuma likakimbia. Mimi nikaangukia majani. Yeye akaangukiwa na pikipiki pamoja na gunia, nami nikasikia mlio kama wa muwa unapovunjwa gotini.

Nyumbani nikasema mbwa alikatiza barabara. Shika hilo, nitalirudia.

Mjomba hakutaka kusikia habari ya hospitali. "Watamkata mguu," alisema. Tukampeleka kwa mzee mmoja fundi wa kuunga mifupa, ambaye mikono na vifundo vya watu wengi vimepita kwake. Nilidhani atatoa majani na vijiti vya mwanzi aanze kazi. Mzee akapapasa paja taratibu, mdogo wangu analia, kisha akanawa mikono.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "ingekuwa mkono ningefunga. Paja lina nyama yenye nguvu. Itauvuta mfupa upishane, na vijiti vyangu haviwezi kushindana nayo. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho."

Sijasahau maneno hayo. Mtu anayeujua ufundi wake hujua pia unapoishia.

Hospitali ya kanda tulifika usiku. Siku tisa mguu ulivutwa kwa kamba na uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda, ili ile misuli aliyoisema mzee isiufupishe. Ndipo nikajua kwamba babu wa kijijini na daktari wa mjini walikuwa wanapigana na adui mmoja. Mama aliuza magunia ya mpunga. Mimi nikatoa akiba niliyoiweka kwa ajili ya kupigisha chapa muswada wa riwaya yangu. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Deni lilikuwa langu.

Daktari kijana aliyekuwa zamu alinionyesha picha ya eksirei na kunieleza watakachofanya. Mfupa wa paja, alisema, ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, nao una uwazi ndani kama mwanzi, mahali pakaapo uboho. Wataingiza fimbo ya chuma katika uwazi huo, ipite pale palipovunjika, kisha waifunge kwa skurubu juu na chini ili mguu usijizungushe wala kufupika.

Ujuzi huo una historia yake. Mwaka 1939 daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, alimwekea mgonjwa fimbo ya namna hiyo katika mji wa Kiel. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wanajeshi wa Marekani waliokuwa mateka Ujerumani walirudi kwao wakitembea vizuri, na madaktari wa huko walipowapiga picha wakakuta chuma kirefu ndani ya mapaja! Wengine hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho.

Lakini Ulaya chumba cha upasuaji kina mashine ya eksirei inayomwonyesha daktari tundu la skurubu liko wapi ndani ya mfupa. Hospitali nyingi za nchi zetu hazina. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN katika mji wa Richland. Fimbo yao huja na kifaa cha nje kinachoshikamana nayo na kumwelekeza daktari mahali pa kutoboa, bila mashine hiyo. Hospitali hupewa fimbo hizo kwa ajili ya wasio na uwezo, na madaktari hutuma picha za kila mgonjwa. Pale Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa, MOI, wagonjwa wengi wamewekewa fimbo hizo, na wengi wao wameletwa na kitu kile kile kilichotuleta sisi: pikipiki.

Nilimuuliza daktari, "Kwa hiyo akishawekewa, amepona?"

Akacheka. Akachukua kipande cha waya mezani, akakikunja huku na huku, huku na huku, mpaka kikakatika. "Chuma nacho huchoka," alisema. "Kila hatua anayopiga mdogo wako itakikunja kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Kazi yake ni kushikilia tu. Anayeunga ni mfupa wenyewe. Ni mashindano: mfupa uunge kabla chuma hakijachoka. Mfupa usipounga, chuma kitakatika, hata kiwe kigumu namna gani."

Nikapigwa na butwaa. Kumbe sisi wote kijiweni tulikuwa tumeshika habari kinyume! Tulidhani antena ndiyo mguu mpya.

Wapo ambao kwao chuma ndicho kiungo chenyewe. Kitanda cha jirani alilala mzee aliyebadilishwa nyonga baada ya kiungo chake kulika kabisa. Kazi hiyo ilishika njia yake ya sasa kwa Mwingereza John Charnley, mwaka 1962: kidonge cha chuma kinachozunguka katika kikombe cha plastiki ngumu, vyote vimeshikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Kikombe hicho hakiwezi kujiotesha upya; kikilika, hubadilishwa. Lakini mfupa wa kijana aliye hai una ufundi usionunulika. Ngozi ikipona huacha kovu. Mfupa hurudisha mfupa.

Mdogo wangu alipasuliwa, akatoka, tukarudi Msangano na magongo. Daktari aliagiza atembee kidogo kidogo, ale maharage, dagaa na maziwa, asiguse sigara, asibebe mzigo, na mpira asiufikirie mpaka picha ionyeshe mfupa umeshikana.

Wiki ya saba nikamkuta amevaa viatu vya mpira. Kijijini kulikuwa na mechi. Magongo kayaacha mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Uwanjani, kaka. Nina chuma ndani, nani atanivunja? Wao ndio waniogope."

Wenzake nje wakacheka. Nikamvuta ndani, nikatafuta waya uani, nikaukunja mbele yake kama nilivyoonyeshwa, mpaka ukakatika. Hakushtuka.

"Wewe unaogopa tu," alisema. "Ile siku yenyewe ilikuwa bahati mbaya. Mbwa angeweza kumkatizia mtu yeyote."

Ndugu msomaji, hapo nilishindwa. Ningewezaje kumwambia mtu asijidanganye na chuma, na mimi nimejificha nyuma ya mbwa ambaye hajawahi kuzaliwa? Nikakaa kitandani, nikamwambia. Hapakuwa na mbwa. Nilikuwa nakimbiza pikipiki kwa sababu mbele yetu kulikuwa na gari lenye wasichana niliotaka wanione. Kona niliiona. Mchanga niliuona.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Mimi nilikuwa nyuma yako, kaka. Ningemwona mbwa."

Akavua viatu. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Karibu mwezi mzima tulisalimiana kama majirani. Baadaye akaanza tena kuniita nimsindikize mazoezi ya kutembea, kwanza mpaka kisimani, halafu mpaka barabarani. Naona ule nao ulikuwa mfupa, na haukuwa na chuma cha kuushikilia.

Mwezi wa sita picha ilionyesha uvimbe wa mfupa mpya umeizunguka ile sehemu kama fundo la mwanzi. Chuma bado kimo. Daktari alisema kisipomsumbua kibaki. Tukienda Tunduma wakati wa baridi paja humuuma, nami hupunguza mwendo bila kuambiwa.

Na ninyi wenzangu mnaoandika, ninalo ungamo jingine dogo. Katika muswada wangu shujaa alikuwa amevunjika mguu sura ya nne, na sura ya tano anawafukuza majambazi. Nimeifuta sura ya tano. Sasa yumo kitandani, mguu unavutwa kwa uzito, na kaka yake amekaa pembeni akitafuta namna ya kuanza kusema.

Mdogo wangu ameyasoma haya yote na amekubali yachapwe. Rafiki zake wakimuuliza antena yake inashika stesheni gani, huwajibu kuwa toka Msangano inashika Zambia bila chenga.